Khe iliyopotea katika Kiingereza

Mpe mtoto wa Wete aliyekwisha kumaliza juzuu neno “night” kwa mara ya kwanza, usimwambie lolote, mwache alisome mwenyewe. Atasoma “nighti”, na ghaini yake itatoka kooni safi kabisa, kama ya “ghali” na “lugha”. Darasa litacheka. Mwalimu atamkatiza: “Sema nait. Hiyo gh bubu.” Mtoto ataona haya, ataandika daftarini kwamba gh haisomwi, na kesho yake akikutana na “laugh” atasema “lau”. Watamcheka tena.

Mimi nasema mtoto yule hakupotea mbali. Kilichomponza ni tarehe tu. Angezaliwa Uingereza katika miaka ya 1300 angelisoma neno lile karibu na vile vile alivyolisoma, na pasingekuwa na wa kumcheka.

Nasomesha Kiingereza hapa Wete, tuisheni za baada ya laasiri, na mada hii ya gh inarudi kila mwaka na kila kundi jipya. Kuna karatasi za fotokopi zinazopita mkono kwa mkono tangu sijui enzi ya nani, zimefifia hata nusu ya maneno hayasomeki. Kushoto neno la Kiingereza, kulia maana yake. Night, usiku. Cough, kikohozi. Ghost, mzuka. Dough, unga uliokandwa. Daughter, binti. Ghee, samli. Mwanafunzi anaambiwa ahifadhi yote, kisha ahifadhi na namna ya kulitamka kila moja peke yake. Na kweli anahifadhi, maana watoto wetu kuhifadhi si kazi, wamezoea. Lakini amehifadhi maneno ambayo hayana udugu wowote isipokuwa herufi mbili hizo za gh, na hakuna aliyemwambia hivyo.

Udugu wenyewe uko, ila si wa maneno yote. Maneno ya gh ni jamaa mbalimbali waliokutana katika nyumba moja: wapo wenyeji, wapo wageni kutoka nchi za mbali, na wapo waliojipenyeza tu bila haki. Ukishawajua nani ni nani, karatasi ile inakuwa nyepesi.

Wenyeji ndio wengi, na khabari yao ndiyo tamu. Kiingereza cha kale, kile kilichosemwa kabla Wanormani wa kaskazini ya Ufaransa hawajaivamia Uingereza mwaka 1066, kilikuwa na sauti ya khe, ile harufi ya Kiarabu tunayoiandika kh kama katika “Khamis”. Usiku uliitwa “niht”, na ile h ya katikati haikuwa h ya “haya” wala “hodi”. Ilikwaruza. Baada ya uvamizi, kazi ya uandishi iliangukia zaidi kwa makarani waliozoea kuandika Kifaransa, na hao walitafuta namna ya kuiandika sauti ile isichanganyike na h ya kawaida. Baada ya kupapasa huku na huku, ikiwemo herufi moja ya kale iliyofanana na tarakimu ya tatu, ikatulia gh. Kwa hiyo gh haikuwekwa kwa pambo. Iliwekwa kwa sababu watu walikuwa wanaisema.

Hapa ndipo mwalimu wa Pemba anapokuwa na bahati ambayo mwalimu wa London hana. Sina haja ya kuchora koo ubaoni. Wanafunzi wangu wamesoma tajwidi, elimu ya kuisoma Kurani kwa matamshi yake, wanajua makhraji, yaani mahali inapotoka kila harufi. Nikiwauliza harufi za kooni ni zipi watanijibu kwa pamoja bila kufikiri: hamza na he, aini na ha, ghaini na khe. Sita, jozi tatu, kutoka chini ya koo mpaka juu. Jozi ya juu kabisa, iliyo karibu na mdomo, ndiyo hiyo ghaini na khe, zinatoka mahali pamoja, tafauti yao ni kwamba ghaini ina mngurumo na khe ni pumzi tupu. Yule mtoto aliyesema “nighti” kwa ghaini alikuwa amesimama jirani na sauti ya asili, shibri moja hata haifiki. Angesema “nikhti” angekuwa amefika hasa.

Na si lazima uniamini mimi. Majirani wa Waingereza bado wanaisema. Mjerumani anaita usiku “Nacht”, Mholanzi “nacht”, wote kwa khe. Mwangaza kwa Mjerumani ni “Licht”, nane ni “acht”, kucheka ni “lachen”, binti ni “Tochter”. Ziweke kando ya “light”, “eight”, “laugh” na “daughter” uone kila penye gh ya Mwingereza pana khe ya Mjerumani. Hata ndani ya Uingereza yenyewe, ukienda Skotilandi, ziwa ni “loch” kwa khe ya kweli, na wazee wa huko husema “nicht” kwa usiku. Mwingereza wa kusini akilisema lile ziwa mashuhuri la Ness linatoka “lok”, kama wageni wanaoteremka Forodhani wanavyosema “kanga” wakikusudia khanga.

Binti ndiye ninayempenda zaidi katika orodha yote. Kwa Kiajemi binti ni “dokhtar”, kwa khe ileile. Si kwamba Waingereza wamekopa kwa Waajemi wala Waajemi kwa Waingereza. Lugha hizi mbili zina bibi mmoja wa zamani sana, na neno la binti limebaki kwa wajukuu wote wawili. Nikilieleza hili darasani kuna ambao hukaa sawa, maana visiwa hivi vina watu wanaojiita Washirazi, na kule Makunduchi watu bado wanakoga mwaka kwa hesabu ya jua iliyotoka kwa Waajemi. Basi mtoto anayejiita Mshirazi ana sababu yake ya kulikumbuka neno “daughter”, na hataisahau gh yake tena.

“Eight” nayo ina msaada wake. Kilatini cha nane ni “octo”, na humo ndimo ilimotoka Oktoba, iliyokuwa mwezi wa nane katika kalenda ya kale ya Warumi kabla hawajauhamishia mwanzo wa mwaka Januari. Ile k ya Oktoba na gh ya “eight” ni kitu kimoja cha asili, kimoja kimebaki kigumu, kingine kimelainika kikawa khe, halafu kikatoweka. “Night” ina wenzake wa Kilatini wenye ct vile vile, na “right” pia. Mwanafunzi anayepata tabu kukumbuka kama “eight” ina gh au haina, namwambia akumbuke Oktoba.

Kuna neno moja ambalo karatasi za fotokopi hulipa maana ya maneno mawili tu, “wiki mbili”, na kupita. Nalo ni “fortnight”. Ukilichana utakuta kumi na nne na usiku: usiku kumi na nne. Kwa nini usiku na si siku? Kwa sababu watu wale wa kale walihesabu kwa usiku. Mwanahistoria wa Kirumi Tacitus aliliona hilo kwa Wajerumani wa zama zake, karibu miaka 1,900 iliyopita, akaliandika kama jambo la kushangaza: hawahesabu siku kama sisi, alisema, wanahesabu usiku, na kwao usiku ndio unaoitangulia siku. Mrumi alishangaa. Mtu wa Pemba hashangai hata kidogo. Kwetu jua likishazama Alkhamisi, Ijumaa imeshaingia, na ule ndio usiku wa Ijumaa, watu wanasoma uradi wao. Mwezi ukiandama jioni, tarawehe zinasaliwa usiku huohuo na mchana wa kufunga unafuata. Nilipowaeleza wanafunzi kwamba Waingereza nao walikuwa na hesabu hii na wameisahau, imebaki katika neno moja tu, mmoja akauliza, “Kwani waliiacha kwa nini, maalim?” Lile ni suali zuri kuliko suali lolote lililomo kwenye mitihani yao.

Nyingine nazipitia haraka. “Neighbour” ni mkaazi wa karibu, na ile “neigh” ya mwanzo ni ndugu wa “nigh”, yaani karibu. Haina uhusiano na “neigh” ya mlio wa farasi. “Naughty” imetoka kwa “naught”, yaani sifuri: kwanza ilikuwa mtu asiye na kitu, kisha mtu asiye na thamani, mwovu, na sasa ni mtoto mtundu. “Wright” ni fundi. Haliko peke yake sana siku hizi lakini liko ndani ya “shipwright”, fundi wa vyombo kama wale wa Nungwi wanaochonga majahazi ufukweni, na “wrought iron”, chuma kilichofuliwa, ni jamaa yake kwa upande wa kazi. “Weight” ni uzito, neno ambalo mtoto wa Pemba aliyewahi kufuatana na babake kupeleka karafuu mizanini anastahiki kulijua kabla ya mengine yote. “Lighthouse” ni mnara wa taa, na wetu uko Ras Kigomasha.

Sasa, khe yenyewe ilikwenda wapi? Kati ya karne ya 15 na ya 17 ilififia katika vinywa vya watu wa London na kusini. Haikufa siku moja wala kwa njia moja. Mahali pengi ilinyamaza tu na kuiachia irabu ya kabla yake irefuke. Lakini katika maneno machache iligeuka f, na hapo ndipo wanafunzi wanapolalamika kwamba Waingereza wanawaonea.

Hawaonewi. Iangalie midomo yako ukisema “ukh”. Midomo imekusanyika kwa sababu ya u, pumzi inakwaruza nyuma. Msikilizaji wa mbali, au mtoto anayejifunza, anaweza kuisikia pumzi ile kama ya midomoni na kuirudisha “uf”. Sasa sema “ikh”. Midomo imetanuka, haikaribii f hata ukiilazimisha. Ndiyo maana gh iliyogeuka f utaikuta nyuma ya u peke yake, katika “au” na “ou”: laugh, draught, cough, rough, tough, enough, trough. Kucheka, upepo unaopenya, kukohoa, -a kukwaruza, -gumu, -a kutosha, hori la kulishia wanyama. Ukiongeza mawili matatu ya nadra umemaliza. Yote ni kama vidole vya mikono miwili tu, ukiacha vitoto vyao kama “laughter”. Ikiwa kabla ya gh pana i, haiwi f kabisa: high, sigh, thigh, eight, straight, na jeshi zima la “-ight”.

Kanuni hii haimo kwenye karatasi zile, na laiti ingekuwemo ingefuta nusu ya mistari. Mwanafunzi akiona “-ight” asome “ait” bila woga: light, right, fight, sight, might, bright, flight. Akiona “-eight” asome “eit”, isipokuwa “height” ambayo ni “hait” na “sleight” ya nadra ambayo ni “slait”. Akiona “-ought” au “-aught” asome “oot”: bought, brought, thought, fought, caught, taught. Zinazoasi hapa ni mbili, “drought” ya ukame inayosomwa “draut”, na “draught” niliyokwisha kuitaja inayosomwa “draft”. Hii ya mwisho wakaazi wa barazani wanaijua kwa sura nyingine, kwani “draughts” ndiyo dama.

Kinachobaki ni “-ough” mwisho wa neno, na hiyo sina la kuitetea. Though ni “dhou”, through ni “thruu”, bough ya tawi la mti ni “bau”, dough ni “dou”, rough ni “raf”, cough ni “kof”, na thorough, yaani kwa ukamilifu, inaishia kwa kisauti ambacho hata si irabu inayoeleweka. Hapo hapana kanuni, pana kuzoea. Husikia watu wakisema Kiingereza hakina mantiki hata moja, na ushahidi wao siku zote ni haya haya maneno saba. Kuna mchezo mashuhuri wa kuliandika neno la samaki, “fish”, hivi: ghoti. Gh ya “enough”, o ya “women”, ti ya “nation”. Wengi wanasema ni mzaha wa Bernard Shaw, mwandishi wa tamthilia. Si wake, umo katika barua ya mwaka 1855, na Shaw alizaliwa 1856. Halafu mchezo wenyewe ni wa uongo, maana gh haiwi f mwanzoni mwa neno, haijapata kuwa. Mwanafunzi wangu yeyote aliyekaa mpaka hapa anaweza kukwambia ghoti ikisomwa kwa haki yake itaanza na g.

Na kwa nini hawakuibadilisha imla baada ya sauti kuondoka? Kwa sababu mashine iliingia kati. Mwaka 1476 William Caxton alifungua kiwanda cha chapa Westminster, cha kwanza Uingereza. Vitabu vikaanza kutoka kwa wingi, na tahajia ya maneno ikaanza kuganda wakati ule ule sauti zilipokuwa zinakimbia. Imla ikaganda na gh zake ndani. Caxton mwenyewe alikuwa ameishi miaka mingi Bruges, mji ulioko Ubelgiji ya leo, na baadhi ya mafundi wake wa kupanga herufi walitoka nchi zile za Flandersi, ambako walizoea kuandika gh mahali pa g. Mzuka kwa Kiingereza uliandikwa “gost”. Mikononi mwao ukawa “ghost”. Walijaribu na maneno mengine, bata bukini akawa na h kwa muda, lakini hayo yaliponyoka. “Ghost” ikabaki na h isiyo yake, na “ghastly” na “aghast” zikaifuata. Kwa hiyo ile gh ya mzuka haikuwahi kuwa khe wala ghaini. Ni mkono wa fundi chapa tu.

Kabla hatujawacheka Waingereza ni vizuri tujitazame. Kiswahili kiliandikwa kwa harufi za Kiarabu kwa karne nyingi kabla ya hizi za Kirumi, na Kiarabu hakina g wala ng wala ng'. Waandishi wetu walifanyaje? Wakaibebesha ghaini. Ghaini moja ilisimama mahali pa gh ya “ghali”, g ya “gogo”, ng ya “ngoma” na ng' ya “ng'ombe”. Msomaji alijua ipi ni ipi kwa sababu alikuwa anaijua lugha, kama Mwingereza anavyojua kwamba “though” si “tough”. Karatasi za mirathi na barua za wazee ambazo baadhi ya familia bado wanazo masandukuni zimeandikwa hivyo, na vijana wanaosoma Kiarabu safi wakijaribu kuzisoma huishia kusema ghoma na ghombe.

Tulichopata sisi ni kuchelewa. Edward Steere, mmishionari Mwingereza aliyewasili Unguja mwaka 1864 na baadaye akawa askofu, alikaa na watu wa mjini akiandika anachokisikia, na kitabu chake cha kuifundisha lugha kama inavyosemwa Unguja kikatoka 1870. Ndiye aliyesimamia kanisa la Mkunazini pale palipokuwa soko la watumwa. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ukakichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na 1930 ikaundwa kamati ya kuisimamia kazi hiyo katika nchi zote za Afrika Mashariki zilizokuwa chini ya Waingereza. Yaani imla yetu ina umri wa binadamu mmoja na kidogo, ya Kiingereza ina zaidi ya miaka 500. Bado haijapata wakati wa kuachwa nyuma na midomo.

Ila imeshaanza. Vitabu vya zamani vilikuwa na khabari, kheri na khofu. Sanifu ikasema habari, heri na hofu, kwa sababu wasemaji wengi wa Kiswahili khe hawana. Hapa visiwani bado tunasema masalkheri, na majina yetu ya Khamis na Khadija yamekataa kunyoa kh zao. Gh imebaki kwenye maandishi, lakini msikilize mtangazaji wa redio akisoma khabari: magaribi, luga, gafla. Kamusi zenyewe zimesalimu amri zinakubali ghorofa na gorofa. Waingereza waliipoteza sauti wakabakisha maandishi. Sisi khe tumeifuta yote mawili katika maneno mengi, na ghaini inakwenda njia ya Waingereza. Nikiwa na mwanafunzi aliyekulia Bara akahamia huku, najua mapema kwamba sehemu ya khe itabidi wenzake wamsaidie, na wanapenda sana kumsaidia.

Niwamalizie wageni, maana hao ni rahisi. Gh ikianza neno, ni g tu. Wengine wametoka India: ghee ni samli, na gharry ni gari la farasi, neno la Kihindi lilelile ambalo sisi tumelichukua tukalifanya gari la kila aina mpaka la mkaa. Dinghy ni kidau, naye ni wa huko. H amewekewa ili mtu asimsome “dinji”. Waitaliano wana desturi hiyo hiyo ya kuweka h kuilinda g mbele ya i na e, ndiyo maana ya spaghetti, tambi zetu za futari, na ghetto, jina la mtaa wa Venice ambamo Mayahudi walilazimishwa kukaa tangu 1516. Ghoul ni Mwarabu halisi, ghul, jini mla maiti, na ghaini yake ya asili ni ghaini hasa, ingawa Mwingereza anamsoma kwa g kavu. Na “foghorn”, honi ya meli wakati wa ukungu, haina gh kamwe. Ni “fog” na “horn” wamesimama karibu mno.

Waliojipenyeza ni hawa. “Delight”, furaha, ilitoka Ufaransa bila gh yoyote, ikiandikwa “delit”. Karne ya 16 watu wakaona inasikika kama “light”, wakaivika nguo za “light”. “Haughty”, mwenye kiburi, asili yake ni neno la Kifaransa la juu, na gh yake ni ya kuazima. “Sprightly”, mchangamfu, vile vile. “Hiccough” ndiyo ya kuchekesha zaidi: kwikwi iliandikwa “hiccup”, kama inavyosikika, mtu akadhani lazima ni aina ya kikohozi, akaiandikia “cough” mwishoni, na matamshi yakabaki “hikap”. Ukiiona iandike “hiccup” uishi kwa amani, inakubalika kila mahali.

Wamarekani walijaribu kulisafisha zizi hili. Mwaka 1906 Rais Theodore Roosevelt aliwaamuru wachapaji wa serikali watumie orodha ya maneno 300 yaliyorahisishwa, humo “thru” na “tho”. Bunge lake likamkatalia na magazeti yakamfanyia kejeli, akairudisha nyuma amri yake mwaka uleule. Gazeti la Chicago Tribune likaanza kuandika hivyo 1934 na likashikilia mpaka 1975, kisha nalo likachoka. Waliyofanikiwa nayo ni machache, kama “plow” ya plau na “draft”.

Suala hili huja darasani kwa njia ya simu, maana watoto wote wanaandikiana “thru” na “nite” kwenye WhatsApp. “Maalim, nikiandika thru kwenye mtihani?” Utakatwa maksi, sisi tunafuata maandishi ya Uingereza. “Na plow?” Utakatwa. “Na draft?” Hiyo inategemea unakusudia nini. Rasimu ya barua ni “draft” hata kwa Mwingereza mwenyewe. Upepo wa dirishani ni “draught”, na dama ni “draughts”, kwa gh yake na s yake.